AC ya gari haipozi? Tafuta tundu kabla ya kununua gesi

Familia nyingi za Kilwa Kivinje zinaifahamu safari hii. Gari linatoka nyumbani, linapita Nangurukuru na kushika barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam. Ni msimu wa kaskazi, jua la saa saba liko utosini. Vioo vimefungwa na kiyoyozi kimewashwa hadi mwisho. Kabla ya kufika Somanga, mtoto aliyekaa nyuma anaanza kulia. Hewa inayotoka ni ya uvuguvugu.

Baba anashangaa, maana gesi ilijazwa juzi tu. Mama anahesabu vidole na kumkumbusha kwamba juzi hiyo ni wiki tano zilizopita, na kabla ya hapo ilijazwa tena. Kila mara fundi hulipwa, gari hupoa, familia hufurahi, kisha joto hurudi. Fedha iliyokwenda kwenye gesi ingetosha sare za shule.

Tatizo la familia kama hii linaanzia kwenye imani moja iliyoenea, kwamba gesi ya AC huisha kwa kutumika, kama petroli au kama mtungi wa gesi wa jikoni. Sivyo. Gesi ya AC haiunguzwi wala hailiwi na injini. Ileile huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, mwaka hadi mwaka. Ikipungua kwa haraka, maana yake kuna mahali inatokea.

Hakuna fundi baiskeli anayejaza upepo kwenye tairi lenye pancha na kumwambia mteja aende. Kwanza hutoa mpira, huuzamisha kwenye beseni la maji na kutazama mapovu yanapotokea. Gari nalo linastahili kufanyiwa hivyo hivyo, na sehemu kubwa ya uchunguzi huo mzazi anaweza kuufanya mwenyewe uani.

Ubaridi unatoka wapi

Anayeujua mtungi wa maji wa udongo anaijua AC. Maji hupenya kidogo kidogo kwenye udongo, hukauka kwa nje, na yanapokauka huondoka na joto. Ndiyo maana maji ya mtungini hupoa hata siku ya jua kali.

Ndani ya dashibodi ya gari kuna kifaa chenye mapezi membamba. Gesi huingia humo ikiwa majimaji, hugeuka kuwa hewa, na katika kugeuka huko huchukua joto la ndani ya gari. Kompresa, inayozungushwa na mkanda wa injini, huivuta na kuisukuma kwa nguvu hadi kwenye kondensa, yaani ule wavu mwembamba ulio mbele ya rejeta. Hapo joto hutupwa nje, gesi hurudi kuwa majimaji, na mzunguko huanza upya.

Magari mengi yaliyotumika yanayoletwa nchini kutoka Japani hutumia gesi aina ya R-134a. Chini ya boneti huwa kuna kibandiko kinachoonyesha jina la gesi na kiasi chake kwa gramu. Magari mengi madogo huhitaji kati ya gramu 300 na 500 tu kwa mfumo mzima. Gari la familia lenye AC ya mbele na ya nyuma huhitaji zaidi. Kibandiko hicho kipigwe picha kwa simu kabla jua na mafuta havijakifuta.

Kabla ya kulaumu gesi

Si kila AC isiyopoza imepungukiwa gesi. Yapo mambo manne ya kuangalia kwanza, na hayahitaji kununua kitu.

La kwanza ni chujio la hewa ya ndani. Kwa magari mengi ya Kijapani hukaa nyuma ya kisanduku cha dashibodi mbele ya abiria. Likijaa vumbi, hewa hutoka kidogo hata kama ni ya baridi. Chujio chafu pia hurudisha vumbi na ukungu kwa watoto wenye pumu na mafua ya mara kwa mara. Hili hubadilishwa kwa mkono, bila spana.

La pili ni feni ya mbele. AC ikiwashwa, feni ya umeme karibu na kondensa inapaswa kuzunguka. Dalili yake ni rahisi: gari likienda kasi hewa ni baridi, likisimama kwenye foleni ya Mbagala hewa inakuwa moto. Hapo gesi huenda haina kosa. Kosa ni feni, fyuzi, au kondensa iliyozibwa na vumbi, wadudu na tope.

La tatu ni kompresa. Msaidizi akibonyeza kitufe cha AC injini ikiwa inaunguruma, kwa magari mengi husikika mlio mfupi, na sahani ya mbele ya kompresa huanza kuzunguka. Ikiwaka na kuzima kila baada ya sekunde chache, mara nyingi gesi ni pungufu. Isipowaka kabisa, inaweza kuwa umeme, au gesi imeisha kiasi kwamba swichi ya usalama imeizuia. Swichi hiyo isirukwe kwa waya. Mafuta yanayolainisha kompresa husafiri pamoja na gesi, kwa hiyo kompresa ikilazimishwa kuzunguka bila gesi hujisaga yenyewe, na bei yake si ya kuzungumzia mbele ya watoto.

La nne ni maji. Dimbwi dogo chini ya gari baada ya safari huwatisha wengi, lakini hayo ni maji ya unyevunyevu wa hewa, na hapa pwani huwa mengi. Ni dalili njema. Maji yakikosekana nje na zulia la abiria likawa limelowa, kijibomba cha kutolea maji kimeziba. Kizibuliwe mapema, kabla harufu ya ukungu haijakaa kwenye gari.

Kulitafuta tundu

Gesi haionekani, lakini mafuta inayotoka nayo huonekana. Asubuhi injini ikiwa baridi, mzazi afungue boneti na kupitisha macho kwenye mabomba yote ya AC. Mahali penye doa la mafuta lililonata vumbi, hasa kwenye maungio, ndipo pa kushuku.

Kwa ukanda wa Kilwa, mtuhumiwa mkuu ni kondensa. Iko mbele kabisa, inapigwa na mawe ya barabarani na upepo wa bahari wenye chumvi, na chumvi huila aluminiamu polepole. Magari yanayolala karibu na ufukwe huumia zaidi. Kuisuuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kwa nguvu ndogo ili mapezi yasipinde, ni huduma isiyo na gharama.

Mtuhumiwa wa pili ni viziba vidogo vya kujazia gesi. Chini ya vifuniko vya plastiki kuna valvu zinazofanana na za tairi. Vifuniko vikipotea, vumbi huingia na valvu huanza kupumua. Mara nyingi hili ndilo tundu rahisi kuliko yote kutengeneza. Linalofuata ni oringi, yaani vile vipete vya mpira kwenye maungio, ambavyo hukakamaa kwa umri. Kwa magari yenye AC ya nyuma, mabomba marefu yanayopita chini ya bodi nayo huliwa na tope na chumvi.

Kipimo chenyewe ni povu. AC iachwe ifanye kazi dakika chache, kisha injini izimwe. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo ichanganywe na maji kidogo, ipakwe kwa sifongo kwenye valvu, maungio na sehemu zenye madoa. Kisha subira. Tundu kubwa hutoa mapovu mara moja, dogo hukuza povu moja taratibu kama mtoto anayepuliza pipi mpira. Watoto wakubwa wanaweza kusaidia kutazama, mradi injini imezimwa na feni imesimama. Kwa baadhi ya magari feni huweza kuanza yenyewe hata injini ikiwa imezimwa, hivyo ufunguo utolewe kabisa.

Povu lisipoonekana, haimaanishi hakuna tundu. Yapo madogo mno, na yapo yaliyojificha ndani ya dashibodi. Hapo fundi huweka rangi maalumu ndani ya mfumo, gari likatumika siku kadhaa, kisha akamulika kwa taa ya zambarau. Rangi hung'aa pale gesi inapotokea.

Geji inasema nini

Mwenye geji anaweza kupima gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa kivulini. Kwa R-134a, siku ya nyuzi joto 30, msukumo unapaswa kuwa karibu psi 95 hadi 100. Ukisoma 40 au 50, majimaji yote yameshaondoka, imebaki hewa ya gesi tu.

Lakini geji ina ujanja wake. Ikisoma 95 haimaanishi gesi imejaa. Inasema tu kwamba bado kuna majimaji ndani, yawe gramu 100 au 400. Ni kama mtungi wa gesi wa jikoni, ambao moto wake hauonyeshi umebaki kiasi gani. Ndiyo maana kipimo cha kweli cha AC ni uzito.

Lini kujaza nyumbani kunafaa

Hata mfumo mzima hupoteza gesi kidogo sana kwa miaka, kupitia mipira na maungio. Gari ambalo halijaguswa kwa miaka mitatu na sasa limeanza kulegea linaweza kuongezewa kidogo nyumbani bila majuto. Gari lililojazwa mwezi uliopita halistahili kopo jingine. Linastahili kutengenezwa.

Na kama mfumo ulifunguka au ulikaa mtupu, kopo halitasaidia. Hewa na unyevu vimeingia. Unyevu huganda na kuziba njia nyembamba, na ukichanganyika na gesi na mafuta huzaa asidi inayokula mabomba kutoka ndani. Hapo panahitajika fundi mwenye pampu ya kuvuta hewa yote, angalau nusu saa, na mara nyingi kubadilisha kichujio cha unyevu.

Magari ya haibridi nayo yasiguswe nyumbani. Kompresa zake nyingi huendeshwa kwa umeme mkubwa, ambao nyaya zake ni za rangi ya chungwa, na hutumia mafuta ya aina yake. Kopo lenye mafuta yasiyofaa linaweza kuharibu kinga ya umeme ndani ya kompresa.

Anayeamua kuongeza mwenyewe afuate utaratibu huu:

1. Gari liwe nje, kivulini, breki ya mkono imevutwa. Pasiwe na jiko la mkaa wala sigara karibu, kwa kuwa gesi hii ikipita kwenye moto hutoa moshi wa sumu. Watoto wakae barazani.

2. Miwani na glovu zivaliwe. R-134a huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, na ikirukia jicho au ngozi huigandisha papo hapo. Ushungi, kanga na mikono ya kanzu vifungwe vizuri, maana mkanda wa injini hauchagui.

3. Aina ya gesi ilinganishwe na kibandiko. Gesi mbili zisichanganywe, na makopo yenye dawa ya kuziba matundu yaepukwe, kwa sababu dawa hiyo inaweza kuziba pasipotakiwa na kuharibu mashine ya fundi.

4. Kopo lipimwe uzito kwenye mizani ya jikoni na namba iandikwe.

5. Injini iwashwe, AC iwekwe baridi ya mwisho, feni kasi ya mwisho, milango wazi. Mpira uunganishwe kwenye upande wa msukumo mdogo pekee, ulio kwenye bomba nene, wenye kifuniko cha herufi L. Upande wa msukumo mkubwa unaweza kulipasua kopo mkononi.

6. Kopo lisimame wima. Lifunguliwe sekunde kumi, lifungwe, lisubiriwe dakika mbili au tatu. Likipoa sana lichovywe kwenye maji ya vuguvugu, kamwe si motoni.

7. Kazi isimame geji ikifika kati ya psi 25 na 45, au hewa ya dashibodi ikishuka hadi nyuzi 7 hadi 12. Kwenye joto kali la pwani geji inaweza kusogea juu kidogo ya hapo. Itumike thamometa ya friji, si ile ya kupimia homa ya mtoto. Gesi ikizidi, ubaridi hupungua na kompresa huteseka.

8. Kopo lipimwe tena. Tofauti ya uzito ndiyo gramu zilizoingia.

Gesi ya kupikia haina nafasi kwenye AC ya gari. Inaweza kupoza, lakini bomba lake linaingia hadi ndani ya dashibodi, futi chache kutoka kwa watoto. Ikivuja ndani ya gari lililofungwa, cheche moja inatosha.

Kadi ya kliniki ya gari

Kila mama anaijua kadi ya kliniki. Uzito wa mtoto huandikwa kila mwezi, na ukishuka, muuguzi hasemi aongezewe uji tu. Huuliza kwa nini umeshuka.

AC nayo iwe na daftari lake: tarehe, gramu zilizoingia, kilomita za gari, na nani aliifanya kazi. Kurasa mbili tu hutosha kuonyesha ukweli. Gramu 80 baada ya miaka mitatu ni uzee. Gramu 300 ndani ya wiki tano ni tundu, na kila kopo linalofuata ni fedha ya familia inayopeperuka angani. Angani kwenyewe haiendi bure: kilo moja ya R-134a hupasha dunia joto mara 1,430 kuliko kilo moja ya hewa ya ukaa kwa kipindi cha miaka 100. Ndiyo sababu gesi za jamii hii ziliingizwa mwaka 2016 kwenye makubaliano ya Kigali ya kupunguza matumizi yake.

Daftari hilo pia humpa mzazi nguvu mbele ya fundi. Maswali ni manne. Tundu umeliona wapi? Hewa umeivuta kwa dakika ngapi? Umeweka gramu ngapi? Oringi umebadilisha? Fundi mzuri huyafurahia. Anayejibu kwamba ameweka tu hadi ikapoa hajatengeneza kitu, amejaza upepo kwenye pancha.

Mtoto hawezi kusubiri fundi

Wakati tundu linatafutwa, safari haziishi. Kutoka Nangurukuru hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 300, na mwili wa mtoto mdogo hupanda joto mara tatu hadi tano haraka kuliko wa mtu mzima. Gari lililofungwa juani linaweza kuongezeka nyuzi kumi ndani ya dakika kumi tu.

Kwa hiyo AC ikiwa mbovu, vioo vishushwe. Kufunga vioo kwa matumaini kwamba hewa ya uvuguvugu itageuka baridi ndiko kunakowaumiza watoto. Safari ianze alfajiri, ili Daraja la Mkapa pale Rufiji livukwe kabla jua halijakomaa. Maji yawe karibu, mtoto anyweshwe kidogo kidogo, na anayenyonya anyonyeshwe mara nyingi zaidi. Kitambaa chenye maji shingoni na usoni husaidia.

Mtoto akianza kulegea, kutapika, kuchanganyikiwa, au ngozi ikawa ya moto sana, gari lisimame kivulini, nguo zipunguzwe, mwili upanguswe kwa maji, na apelekwe kituo cha afya kilicho karibu bila kusubiri mwisho wa safari.

Na asiachwe ndani ya gari hata kwa dakika moja ya kununua samaki, hata kama injini inaunguruma na AC inapuliza. Swichi ileile inayoilinda kompresa inaweza kuizima AC wakati wowote, na mtoto aliyefungwa mkanda kwenye kiti chake hawezi kushusha kioo.

Jumamosi asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya minazi ya Kivinje, inatosha kwa kazi ya kwanza: boneti wazi, beseni la sabuni, sifongo na subira. Povu likionekana, fundi ataitwa akiwa ameshaonyeshwa pa kushika, na mzazi atalipa mara moja badala ya kila mwezi.